Kichuguu cha Nyuma ya Nyumba Yangu

Minye niko na miaka makumi tatu na mbili, nalima pamba hapa mu bonde la Ruzizi. Sikusomaka, katekista njo ananiandikia. Kwa uongo wa kuchekesha, toka huku mpaka Uvira hakuna muntu ananishinda! Lakini hii, bandugu, sitie chumvi hata kidogo...

Bibi yangu Anastazia, toka tuoane, alikaa miaka sita bila kupata mimba. Mimba ilipofika, nilicheza ngoma mpaka kuku wote wakahama!

Mwaka ule muchwa walikuwa wanakula nyumba yetu. Monitere wa pamba, ule anatufundisha kulima, alitukataza kabisa kuleta dawa ya wadudu nyumbani: yenye inabaki mu pompi ya kupulizia, tumwange mu shimo, mbali. Minye nikaiba chupa moja, nikaimwanga yote mu kichuguu cha nyuma ya nyumba. Muchwa walikufa pamoja na mababu yao! Nilijisifu eti ile dawa inaweza kuua mamba wa Tanganyika.

Sasa, bibi mwenye mimba kwetu anatamani nini? Udongo wa kichuguu! Anastazia alikuwa anavunja kipande kila asubuhi, anatafuna kama mahindi ya kuchoma. Nilimwona kwa macho yangu. Nikajiambia, dawa ni ya wadudu, muntu ni mukubwa... Na nikisema, monitere si atanifunga?

Siku moja akaniambia udongo unanuka. Nikamucheka, eti mimba njo inamugeuza pua.

Mutoto wetu Yohana akazaliwa mudogo kama samaki ndagala. Mwili mzima unatetemeka, ziwa hajue kunyonya... Kule dispanseri muganga akauliza mama alikuwa anakula nini.  Nikasema yote, Anastazia anasikia.

Muganga akajibu pole pole kwamba sumu yenye mama anakula inaweza kumufikia mutoto ndani ya tumbo, na kama huyu atapona, yeye hajue.

Anastazia hakulia. Akaniuliza:

"Baba Yohana, siku ile ulikuwa unanicheka, ulijua?"



Yohana iko na mwaka moja sasa. Hajakaa bado, mikono inatetemeka. Nikimuchezea anacheka sana, amenifuata kwa kucheka! Lakini akinyamaza kidogo tu, naruka, naweka sikio ku kifua chake...

Bandugu wa pamba, ile dawa ibaki kule shambani. Na bibi yako akikuambia kitu kinanuka, usicheke. Nenda unuse.