Mzigo Usiopokelewa

Magari ya kushuka bondeni yalikuwa yameshapita kona ya pili, yamejaa magodoro, kuku, na watu waliojifunika mablanketi mpaka puani. Madereva hayakuwa nao; yalijiendesha yenyewe, polepole, kama ng'ombe wanaoijua njia ya zizini. Subilaga Ilomo, fundi wa joto, alisimama pembeni kuyapisha. Kila uso uliokuwa ndani ya magari yale aliujua, maana hapakuwa na nyumba Kitulo Juu ambayo hakuwahi kuingia na spana yake. Aliinua mkono. Wachache wakamjibu.

Magari yalipokwisha, akamwambia mchukuzi, "Haya, twende."

Mchukuzi alikuwa mashine ya miguu sita. Kila mguu ulilipima jiwe kwanza ndipo ukakanyaga, na mgongo wake haukuinama hata kwenye mteremko. Ungeweka juu yake kikombe cha chai kilichojaa, kingefika kimejaa. Mgongoni alibeba ghala la joto, pipa refu kuliko mtu, lililovikwa koti nene la sufu ya kondoo. Ndani yake mlikuwa na maji yaliyopashwa moto kwenye bohari la mafundi tangu asubuhi.

Ghala la joto si kitu kigumu kukielewa. Maji ya moto ni mepesi, hukaa juu. Ya baridi ni mazito, hulala chini. Usipoyasumbua, yatakaa hivyo kutwa nzima, kila moja na mahali pake, kama wake wenza waliogawana nyumba na hawasalimiani. Mabamba ya chuma yaliyo ukutani hunywa yale ya juu, yakishapoa hurudishwa chini. Kazi ya fundi ni kuhakikisha koti halina tundu, dawa ya kutu haijaisha, na pampu haiendi mbio, kwa sababu pampu ikienda mbio huyakoroga maji. Yakikorogwa joto halipotei, ila hutawanyika. Pipa zima linakuwa vuguvugu, na vuguvugu halipashi bamba.

Ghala alilokuwa akipelekewa mama mdogo wa Subilaga, Yusta Mahenge, lilikuwa la pili. La kwanza lilioza kitako. Yusta alikuwa akifungua koki ya chini kila siku kuoshea viazi, akiambiwa asifanye hivyo anasema maji ni maji. Kila alipochota, maji mapya yaliingia na hewa yake, na hewa ikaja na kutu.

Ilibidi ghala jipya lifike na kufungwa kabla ya jua kuzama. Saa hiyo Mpimaji, akili ya mashine iliyowekwa na Mamlaka ya Baridi, husoma kila ghala mahali pamoja tu, kwenye bega la pipa, karibu na juu. Bega likiwa chini ya nyuzi sitini, nyumba inafungwa na wenyewe wanashushwa bondeni. Sheria hiyo haikuletwa na ukatili. Kuna mwaka jalidi ilikaza, na familia nzima ikakutwa kitandani imekuwa ngumu kama kuni. Tangu hapo Mpimaji hakubahatisha. Na wiki ile ukungu ulikuwa umelala juu ya vioo vya jua vya mapaa yote, kila ghala likiwa na moto kidogo tu wa kufikia bega.

Mama mdogo alishasema, "Mimi nikishushwa bondeni, mtanizika kabla sijafungua mizigo." Hakuwa anatania.

Walipokaribia ua wake, Lukelo Tweve aliwaona. Alikuwa mkulima wa viazi vya mbegu, mtu wa mabega mapana, jirani wa mkono wa kushoto. Akatoka mbio, nyuma yake mkewe Agripina na majirani wengine, ndugu wawili wa kina Fungo.

"Mwanamke anapandisha mzigo, na wanaume tupo tunaota moto?"

"Baba Tweve, msiguse. Huyu hapokelewi."

"Hapokelewi ana nini, ana ukoma?"

Kule juu, mtu kufika uani kwako na mzigo wake bado mwilini ni tusi. Hata mliyeshitakiana naye unampokea kwanza, kesi baadaye. Subilaga alikuwa bado anafungua mdomo, Lukelo ameshatia bega, na ndugu wale wameshika upande wa pili. Mchukuzi, alipojiona ananyanyuliwa upande mmoja, akatapatapa kutafuta mizani. Pipa likaenda huku, likarudi kule, kama kibuyu cha kusukia maziwa.

"Tumefika," akasema Lukelo, anahema, amefurahi.

Subilaga akatazama kipimo cha begani. Hamsini na moja.

Akawaeleza, bila kufoka. Lukelo akavua kofia. Yusta alikuwa ametoka mlangoni na fimbo yake.

"Kwa hiyo mmenikorogea uji," akasema. "Ungekuwa wa ulezi, ningeshukuru."

Hakuna aliyecheka sana. Jua lilikuwa limebakiza upana wa mkono juu ya mlima.

Agripina ndiye aliyesema. "Kwetu pipa lina moto juu. Nikichota sufuria moja nikamwagia humu?"

Subilaga akafikiri. Ukitoa kwanza maji chini, kisha ukamimina ya moto juu bila kuyashtua, yatatanda pale juu na kushuka mpaka begani. "Inawezekana. Lakini polepole, kama mtu anayemnywesha mgonjwa."

Wakalifunga ghala kwenye mabomba, wakatoa maji kiasi kwa chini, wakafungua kifuniko, wakaelesha juu ya maji ubao wa kukatia mboga ili mmimino usichimbe. Watu wakaja na sufuria, birika na chupa za chai, wakapanda ngazi mmoja mmoja. Kina Fungo walikwenda na kurudi mpaka jasho likawatoka kwenye baridi ile.

"Mama Yusta, hili birika langu nalijua. Nitalirudia," akasema mdogo wa kina Fungo.

"Likirudi na kutu usinidai."

Hamsini na nne. Hamsini na nane. Mwanga ulipoanza kuwa mwekundu, kipimo kikasoma sitini na mbili. Lukelo akavaa kofia yake.

Sauti ya Mpimaji ikatoka kwenye kila mlango wa mtaa, kama kila jioni, tulivu.

"Nyumba ya Yusta Mahenge, inatosha. Nyumba ya Lukelo Tweve, haitoshi. Nyumba ya kina Fungo, haitoshi."

Ndipo Subilaga akaelewa. Kila sufuria iliyotoka juu ya mapipa yao, maji baridi yaliingia chini kuziba nafasi yake. Mpaka wa baridi ukapanda kidogo kidogo, ukalipita bega. Alikuwa amelitazama pipa moja tu.

"Joto ni lile lile," akamwambia Mpimaji. "Limehama nyumba. Wote walale humu kwa Yusta."

"Ghala moja huhesabiwa nyumba moja. Gari litafika."

"Basi nishusheni mimi," akasema Yusta.

"Nyumba yako inatosha."

Lukelo akamgeukia. "Mama Yusta, utatutazamia mbegu zetu za viazi stoo. Panya wa mwaka huu hawana adabu."

Gari likafika. Agripina alipanda na sufuria yake tupu mapajani.

Lukelo alipewa chumba bondeni na sasa anauza viazi vilivyolimwa na wengine. Mdogo wa kina Fungo alipata malaria, ugonjwa ambao kule juu walikuwa wakiusikia redioni tu, akafa mvua za kwanza. Kaka yake alikwenda mgodini, hajaleta habari. Subilaga aliipelekea Mamlaka maelezo yake, na mwaka uliofuata mapipa yote yaliwekewa vipimo vitatu, juu, kati na chini. Siku hizi Mpimaji anajumlisha joto la pipa zima. Waliokuwa wameshushwa hawakurudishwa.

Yusta alikaa msimu mzima wa baridi na nyumba yake ya moto, hana wa kumbishia hodi. Jalidi ilipoisha, alishuka kwa miguu bila kuamriwa. Anaishi na Agripina na mumewe, pazia katikati, na wanagombania dirisha kila siku: mmoja anataka liwe wazi, mwingine anaogopa mbu.

Nyumba yake haijafungwa. Jua likiwaka vioo hupasha maji, na kwa kuwa hakuna anayeyatumia, ghala hujaa moto mpaka chini. Kila jioni Mpimaji husoma na kutangaza kwamba inatosha.