Sauti Isiyovuta Pumzi

Jumatano, tarehe 14 Mei, saa moja na dakika saba jioni, Wachuka alisikia sauti yake mwenyewe ikimjibu Odero.

Alikuwa jikoni kwake Kiamunyi, mtaa wa Nakuru, akiosha majani ya sukuma. Simu ilikuwa mezani ikicheza jumbe za sauti za Meza ya Saa Moja, moja baada ya nyingine, kama kila jioni. Meza ya Saa Moja lilikuwa kundi la WhatsApp la watu waliopenda kubishana: roketi, chanjo, bei ya mbolea, uchaguzi wa nchi za watu. Odero, fundi wa mitambo aliyejipa cheo cha mchokozi, alikuwa ameuliza kwa nini Ziwa Nakuru linazidi kupanda hata mvua ikipungua.

"Na msiniambie ni Mungu," alisema. "Nataka mtu alikanyaga shule."

"Basi nitakujibu mimi," ikasema sauti ya Wachuka.

Jibu lilikuwa zuri. Lilitaja mito, miti iliyokatwa juu milimani, nyufa zilizo chini ya bonde. Lilikuwa na kile kikohozi chake kidogo kabla ya "kwa hivyo". Lakini hakuwa amerekodi chochote. Alipofuta mikono na kutazama, ujumbe ulikuwa umetoka kwenye namba yake, wakati alipokuwa akikata vitunguu.

Wachuka alikuwa mtu wa kuhakikisha. Kwenye maabara ya udongo alikofanya kazi, alirudia kipimo hata mashine iliposema inatosha. Alivaa earphone akasikiliza tena, halafu tena. Kitu fulani kilikosekana, na ilimchukua muda kukijua. Msemaji alizungumza zaidi ya dakika tatu bila kuvuta pumzi hata mara moja.

Nyumba ilinuka mayai yaliyooza. Akajiambia ni mvuke wa volkeno ya Menengai umeshuka na upepo.

"Nani ametumia akaunti yangu?" aliandika kwenye kundi.

"Wasomi, dada amejibiwa na AI yake mwenyewe," alisema Odero akicheka. "Imemshinda akili, sasa ameshtuka."

"Lakini jibu lilikuwa poa, dada," aliandika Kui. Kui alikuwa mdogo wao wote, mwalimu aliyepanga chumba Kihoto kule Naivasha, na hakuna siku iliyopita bila kuwatajia mashine ya kusaga mahindi ya mamake, sokoni Kabazi.

Linah, aliyeanzisha kundi, aliandika mstari mmoja tu: "Badilisha password ulale, mpenzi."

Alibadilisha. Alhamisi aliamka sauti ikikwaruza. Ijumaa maneno yalikuwa yakimkatikia katikati, na kwenye kundi sauti yake ilieleza satelaiti vizuri kuliko alivyowahi kueleza kitu chochote. Jioni hiyo mamake alipiga simu kutoka kijijini Dundori.

"Asante kwa kunipigia jana, Wachu. Tumeongea mpaka chai ikapoa."

Wachuka hakuwa amempigia. Alijaribu kusema hivyo, ikatoka hewa tupu.

"Unakohoa? Kunywa maji moto. Na mbona siku hizi unaniuliza sana kama lango lina kufuli?"

Ndipo alipokumbuka karatasi ya Linah.

Linah alikuwa rafiki yake wa chuo. Kwa miaka minne walilala chumba kimoja, wakala sufuria moja, wakavaliana nguo. Tangu Januari Linah alikuwa amepoteza sauti, na hospitali mbili hazikuona ugonjwa. Mwezi Aprili alikuja na karatasi, akamwomba Wachuka amsomee ukurasa mmoja kwenye simu. Alisema anatengeneza programu ya kuwasomea vitabu wanafunzi wasioona. Mwishoni kulikuwa na sentensi ya ridhaa, kama zile ambazo programu za sauti huitisha: Mimi, Wachuka, mtoto wa Nyambura wa Dundori, natoa sauti yangu kwa hiari yangu mwenyewe kwa anayeihitaji.

"Rudia," Linah alinong'ona siku hiyo. "Jina la mama lisikike vizuri."

Alirudia mara tatu ili liwe sawa. Jumapili iliyofuata Linah aliimba kanisani peke yake, sauti safi kama zamani, na Wachuka akalia kwa furaha hadi mama mmoja akampa leso.

Jumamosi alasiri alienda kwa Linah, mtaa wa Section 58. Mvua ilikuwa imeanza kupiga mabati. Linah alifungua mlango, akamtazama shingoni kabla ya kumtazama usoni, na hakumuuliza kilichomleta.

"Ulijua," Wachuka alinong'ona.

"Keti kwanza."

"Linah, ulijua?"

"Nilijua." Linah alijibu kwa sauti ya chini, kama mtu mwenye mgonjwa chumba cha pili. "Mimi pia nilisomeshwa karatasi kama ile. Hiram, yule tulikuwa tuoane. Alisema ni ya utafiti wake. Kisha kitu fulani kikaanza kumpigia Mama kwa sauti yangu, wakati mimi siwezi hata kusema hallo. Nilienda mtaa wa Bondeni kwa mzee mmoja anayesoma dua. Alisikiliza voice note moja tu, akaniambia nizime. Ni jini, akasema. Kama lingeiba sauti, angelirudisha lilikotoka. Lakini sauti tuliitoa wenyewe, kwa mdomo wetu. Hapo mkono wake haufiki."

"Linataka nini?"

"Pumzi. Halina. Linamtafuta mama wa mwenye sauti, linaita langoni. Mama akiitika na kufungua, linapata pumzi, na mwenye sauti anabaki bubu hivyo hivyo." Akafungua droo, akatoa karatasi ile ile. "Mpe mtu asome. Yako itarudi. Yangu ilirudi siku ile ile."

Wachuka aliitazama karatasi. Kona yake ilikuwa na alama ya mafuta ya chapati walizokula pamoja siku ile.

"Kwa nini mimi?"

Linah alifunga droo. "Wengine wa kundi niliwajaribu. Odero aliuliza sauti itahifadhiwa wapi. Elphas akataka jina la kampuni. Wewe uliniuliza tu usome mara ngapi."

Wachuka alirarua karatasi vipande vipande juu ya meza, mbele yake, akatoka akanyeshewa.

Saa moja jioni aliandika kila kitu kwenye kundi. Aliandika kwa uangalifu, tarehe kwa tarehe, kama ripoti ya maabara, na mwishoni akawasihi: msisomee mtu yeyote kitu, msitaje majina ya mama zenu. Kisha ukaingia ujumbe wa sauti kutoka namba yake.

"Jamani, poleni," sauti yake ilisema ikicheka. "Nilitaka kuona nani ataamini. Tunajiita watu wa sayansi na mnaogopa jini?"

"Nilijua!" alipaza sauti Odero. "Kidogo unipate, wewe mtoto."

"Mimi niliogopa kweli," alisema Kui.

"Hiyo si mimi," Wachuka aliandika. "Huyo si mimi." Wakamtumia vicheko. Watu waliobishana naye karibu kila jioni kwa miaka miwili, waliodai ushahidi wa kila kitu, waliiamini sauti wakaukataa mkono ulioandika. Na Linah, ambaye jina lake lilikuwa ndani ya taarifa ile, alikuwa amesoma, akaondoka kwenye kundi.

Simu ikalia. Mama.

"Wachu, mbona umesimama nje kwa lango na ukungu huu wote?" Mama alikuwa akinong'ona, na nyuma ya mnong'ono wake Wachuka alisikia mbwa akilia kwa sauti nyembamba, halafu mbwa akanyamaza, na pale aliponyamaza ikaja sauti nyingine kutoka mbali, kutoka lango la mbao ambalo babake alilipigilia misumari kabla hajafa, ikiita "Mami, nifungulie, Mami, baridi, Mami," bila kituo, bila kumeza mate, bila ile nafasi ndogo ambayo kila kiumbe hai huiacha kati ya neno na neno ili asife, na Wachuka akafungua kinywa ampigie mamake kelele asitoke, akasukuma kwa nguvu zote za tumbo lake, na hakikutoka hata kikohozi. Aliandika ujumbe akakumbuka kwamba Mama hasomi bila miwani, na sasa alisikia kufuli la mlango wa jikoni likifunguliwa, na viatu vya mpira vikishuka ngazi, na harufu ya mayai yaliyooza ikajaa jikoni kwake yeye mwenyewe, mbali huku mjini, kana kwamba lango lile lile lilikuwa upande wa pili wa dirisha lake.

Macho yake yakaangukia sufuria.

Alipokuwa mtoto, akipeleka ndama chini bondeni, upepo wa Dundori ulimeza kila kelele. Kwa hivyo Mama aligonga ndoo ya maziwa kumwita, naye akagonga kopo lake kujibu: mapigo mawili ya haraka, moja la polepole. Nimesikia, nakuja.

Alichukua kijiko akagonga sufuria karibu na simu. Mawili ya haraka, moja la polepole. Akagonga tena.

Viatu vikasimama.

"Wachu?" Mama alisema. Langoni sauti ilikuwa bado inaita. "Uko kwa simu?"

Mawili ya haraka, moja la polepole.

Viatu vilipanda ngazi, mlango ukafungwa, kufuli likalia. Walikaa hivyo kwenye simu, mmoja akiomba kwa Kikuyu chini chini, mwingine akigonga, hadi kule langoni kukawa kimya.

Asubuhi iliyofuata, kabla jua halijatoka, Wachuka alipanda boda hadi Dundori. Mama alikuwa zizini akikamua. Aliposikia hatua alisimama na ndoo mkononi.

"Mami," Wachuka alisema.

Ilitoka nzima. Ilitoka na kikohozi chake kidogo na pumzi yake mwenyewe, na moshi wa baridi ukatoka nayo kinywani.

Mama hakusogea. Alimnyooshea ndoo. "Gonga."

Aligonga. Ndipo Mama alipomkumbatia, maziwa yakamwagika miguuni, wakacheka kama wendawazimu na ng'ombe akawatazama.

Wachuka alikuwa bado anacheka alipokumbuka kwamba sauti ya Linah pia ilirudi siku ile ile. Akatoa simu.

"Nimemaliza, dada," Kui alikuwa ameandika jana, wakati ule ule lango liliponyamaza. "Nimesoma ule ukurasa wako mara tatu kama ulivyoniomba. Jina la mama limesikika?"

Akampigia.

"Hallo?" Sauti ya Kui ilikwaruza.

"Kui, nisikilize. Jana hukuongea na mimi. Mpigie mama yako sasa hivi, mwambie asifungue lango, hata akisikia ni wewe."

Kui alicheka hadi akakohoa. "Wee dada! Ulisema utapiga asubuhi. Ulisema utanitisha, ni sehemu ya jaribio, nisikuamini."

"Sikusema mimi."

"Hata hiyo ulisema utasema." Akakata.

Alipiga tena, na tena. Kisha simu ikatetemeka mkononi. Kwenye Meza ya Saa Moja, Kui alikuwa amemtumia Odero jibu la swali lake jipya, dakika nne nzima juu ya mbalamwezi. Wachuka aliiweka simu sikioni akasikiliza hadi mwisho, akiitafuta pumzi asiipate, Mama akimtazama usoni.

Kisha akachukua ile ndoo tupu mkononi mwa Mama, akamwita kijana wa boda aliyekuwa akigeuza pikipiki barabarani, akamwambia ampeleke Kabazi kwa mama wa Kui, penye mashine ya kusaga, haraka.