Nyuzi Sabini na Moja

Katika jiji lile lenye watu kama siafu, hakukuwa na joto lililowahi kumdanganya Kiganja. Ndivyo alivyojisifu mwenyewe, mchochea tanuri katika kiwanda cha kufulia cha shangazi yake. "Kipimajoto cha nini? Nikigusa bomba nakutajia nyuzi zake na ukoo wake!"

Jumatatu moja, mashuka ya hoteli yamefurika mlangoni, akagongana na msichana wa ovaroli ya kaki, buti zenye tope na kilemba chekundu. Ndiye fundi aliyechimba mashimo mawili uani, marefu kwenda chini kuliko ghorofa kwenda juu, ili kiwanda kifue kwa joto la ardhini.

"Samahani, kaka."

"Samahani peke yake haitoshi. Nionyeshe huo moto wa chini."

"Hakuna moto. Gusa."

Akagusa bomba litokalo shimoni, akaangua kicheko. "Uvuguvugu! Dada, hili halifui hata leso."

"Ni nyuzi ishirini na sita tu. Lakini masika na kiangazi ni zilezile. Ile mashine pale ukutani inakusanya joto dogodogo na kuliminya mpaka liwe kubwa. Umewahi kugusa nyuma ya friji?"

"Ya shangazi inaunguza."

"Basi. Joto hilo limetolewa kwenye maziwa yako."

Lo! Kiganja akaenda kuigusa ile mashine kwa heshima. Wiki tatu hakubanduka uani akiuliza maswali, nusu kuhusu mabomba, nusu kuhusu mwenye mabomba. Simu nazo zikaanza.

"Umekula, fundi wangu?"

"Wako tangu lini?"

"Tangu friji."

Shangazi hakuwa na muda wa utamu huo. "Alhamisi tenki la maji ya kufulia lifike nyuzi hamsini na tano ikifika saa tatu, lizishike mpaka adhuhuri. Likishindwa, binti yangu, ng'oa vyuma vyako." Ilikuwa kazi ya kwanza fundi kupewa kwa jina lake mwenyewe. Akianguka hapa, nani angemwita tena?

Alhamisi alfajiri Kiganja akagusa tenki. Baridi! Huruma ikampanda kichwani. Kimyakimya akawasha tanuri la zamani, akayafungulia maji yake yaingie tenkini.

Saa tatu fundi akasoma kipimo: sabini na moja. Hakushangilia.

"Mashine yangu mwisho wake sitini," alisema taratibu, macho kwenye majivu yaliyoganda viatuni mwa Kiganja. "Alfajiri ndiyo kwanza nilikuwa nimeiwasha. Ulidhani nitashindwa."

"Nilikuwa nakusaidia, mpenzi..."

"Ungeniamini. Huo ndio msaada."

Akaondoka. Simu kumi na moja, hakupokea hata moja. Kiganja akamwendea shangazi, akakiri yote.

"Kichwa chako kuni mbichi, moshi mtupu," shangazi alifoka. "Jaribio lirudiwe kesho!"

Kiganja akashika msumeno wa chuma, akalikata bomba la tanuri, akatuma ujumbe: "Tanuri limekufa. Bomba lake ninalo mkononi. Njoo uhakikishe."

Ijumaa akaja, kilemba kilekile, uso umenuna. Saa moja, thelathini na nane. Kiganja akatia mikono mifukoni, akaing'ang'aniza humo kama wezi wawili. Saa tatu, hamsini na sita. Adhuhuri, hamsini na sita vilevile! Shangazi akapiga kigelegele mpaka wapiga pasi wakatoka nje.

"Sasa tanuri limezimwa, utafanya kazi gani?" fundi akamuuliza, tabasamu likimponyoka.

"Nifundishe mabomba. Halafu unioe. Yaani, nikuoe."

"Utaacha kujisifu?"

"Kuanzia leo."

"Haya. Nimekubali, uvuguvugu wangu."

Kiganja akasimama imara kama nguzo. Machozi yalimlengalenga kidogo tu, tena kwa sababu ya moshi.

Nilipofika hapo kuandika, mke wangu, aliyekuwa akisoma nyuma ya bega langu huku buti zake zikidondosha tope sakafuni, akaweka kidole kwenye karatasi.

"Moshi gani, Kiganja? Tanuri si ulilikata mwenyewe jana yake?"