Kibao Namba Kumi na Saba

Kila siku baada ya masomo, Chiriku alikwenda kwenye lango la hifadhi ya wanyama kumsaidia baba yake, askari wa lango. Aliitwa Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Kazi yake ilikuwa ubao. Kila mgeni aliyeshika njia ya miguu kwenda bwawani alipewa kibao cha bati chenye namba, na alipotoka alikirudisha. Chiriku alikipangusa na kukitundika kwenye msumari wake. Saa kumi na moja jioni, misumari yote ikishajaa, baba aliwaambia askari wa doria kwa redio, "Njia tupu." Doria iliondoka, na njia ikawa ya nyati wanaoshuka kunywa maji.

Siku hiyo mdogo wake, aliyeitwa Kobe kwa uzito wa miguu yake, alifika langoni kutoka bwawani akihema, kibao mkononi.

"Dada, nitundikie kibao changu. Nimesahau kofia kwenye kibanda cha kutazamia wanyama. Nakwenda na kurudi."

"Si unajua sheria?"

"Dada bwana! Dakika tano tu. Baba akijua nimeisahau tena, nimekwisha."

Chiriku alicheka, akakitundika kibao namba kumi na saba. Mara wakaja wageni wakiuliza habari za picha zilizobandikwa ukutani, picha za hifadhi za dunia: dubu weupe juu ya barafu, chui milia kwenye majani marefu. Chiriku akaanza kusimulia. Dakika tano zikapita, kisha ishirini.

"Vibao vyote vimerudi?" baba aliuliza.

"Vyote, baba."

Baba aliukagua ubao, akashika redio. "Njia tupu. Asanteni, wakubwa."

Ndipo Chiriku alipokumbuka. Aliitazama njia, hakuna mtu. Upande wa bwawani vumbi lilikuwa linapanda. Akisema, atanyang'anywa ubao. Labda Kobe anatokea sasa hivi. Alihesabu moja hadi ishirini. Akahesabu tena. Kishindo cha kwato kikaanza kusikika.

"Chiriku amenyamaza!" baba alitania. "Leo kuna nini?"

"Baba... Kobe yumo ndani. Nilimtundikia kibao."

Baba aliinyakua redio. "Doria, rudini! Njia si tupu! Narudia, njia si tupu! Mtoto yumo!"

Alikimbilia gari. "Wewe baki hapa!"

Chiriku alibaki peke yake na redio ya mezani. Ilikoroma, ikanyamaza, kisha sauti ya askari ikasema, "Tumemwona. Yuko juu ya kibanda. Nyati wamekizunguka. Dume moja linaipiga ngazi kwa pembe."

Kimya. Chiriku aliinamia redio. Kwa mbali honi ya gari ililia, ikalia, ikalia. Kisha kimya tena, kirefu kuliko cha kwanza.

"Tumempata," redio ikasema. "Mzima."

Kobe alishuka garini bila kofia.

"Yaani ulimwogopa baba kuliko nyati?" baba alimuuliza.

"Nyati nilikuwa sijawaona bado, baba."

Baba alikitungua kibao, akamwekea Chiriku kiganjani.

"Hiki ni nini?"

"Kibao, baba."

"Hapana. Hiki ni mdogo wako. Ulimtundika hapa naye angali porini. Unaziona picha zile? Nilipokuwa mafunzoni nilikutana na askari wa hifadhi hizo. Wanyama wao ni wengine, kazi yetu ni moja: aliyeingia, umwone kwa macho yako akitoka. Uongo mdogo wa kumfurahisha mtu unaweza kumuua. Uliusema ukweli, na ndio uliomwokoa. Lakini ungechelewa kidogo tu..."

Alikichukua kibao, akakirudisha msumarini.

Kesho yake mama mmoja mgeni alimnyooshea Chiriku kibao. "Mwanangu, nipokelee. Nakimbia kuchukua mwavuli wangu bwawani, narudi sasa hivi."

Chiriku aliificha mikono mgongoni.

"Samahani, mama. Nenda nacho. Nitakupokelea ukirudi."