Karatasi Sita za Musoki

Kila siku baada ya masomo, Musoki alipitia kwenye duka la kuchapa la shangazi yake, Tante Jeannine, pale Bunia, akamsaidia kupanga karatasi. Jumatano hiyo tante alikuwa ametoka kidogo. Musoki akafungua kompyuta kutafuta herufi za tangazo la kwaya yao ya watoto. Akapata alizozipenda: nene, nyeusi, zilizojengwa kwa miraba midogo kama zile za michezo ya zamani ya kompyuta.

Alitaka kuandika "Tunakuja kuwaimbia Jumamosi." Lakini alizikuza herufi mno, neno la kwanza likajaza ukurasa mzima. Alipochapa nakala sita, wino ukaisha. Tante alikuwa amemkataza kuchapa bila ruhusa, kwa hiyo alizima mashine haraka akatoka. Manyunyu yalikuwa yanaanguka na watu walikuwa ndani. Akabandika karatasi sita kwenye kuta za avenyu, mtaa wao wote, akijiambia kwamba maneno yaliyobaki atayaongeza kesho.

Kesho yake, alipotoka shule, avenyu ilikuwa kimya. Jua lilikuwa kali, lakini milango yote ilifungwa. Redio hazikusikika. Sufuria ya maharage ilichemka uani, mwenyewe hayupo. Pazia likasogea dirishani, kisha likatulia. Musoki alisikia nyayo zake tu.

Jirani yao, Mama Dorcas, alikuwa anafunga godoro kwenye pikipiki, mtoto mwenye homa mgongoni.

"Mama, unaenda wapi?"

"Marabo, kwa dada yangu. Weye hujaona karatasi? Wanakuja."

"Akina nani?"

"Watu kama hao hawasemi majina yao."

Musoki akageukia ukuta. TUNAKUJA. Herufi zilizompendeza jana sasa zilisimama kama kundi la watu wasio na nyuso, kingo zake zina meno. Alijua ni yeye aliyezibandika, na bado mwili ulimsisimka.

Angeweza kunyamaza, hakuna aliyemwona. Mtoto akakohoa. Pikipiki ikawashwa.

"Mama, ngoja," alisema, machozi yakimtoka. "Ni mimi."

Wakaenda kwa Tante Jeannine, kisha kwa Papa Anselme, chefu wa avenyu, kiongozi wa mtaa. Hakupigwa. Papa Anselme alimpitisha mlango kwa mlango, na kila mahali Musoki alieleza mwenyewe alichofanya. Wengi walishusha pumzi wakafungua. Bibi mmoja alisikiliza nyuma ya mlango, hakutoa kufuli.

Baadaye tante aliketi naye wakatengeneza tangazo upya.

"Herufi hizi si mbaya," tante alisema. "Ukiandikia jina la mchezo, zinachangamsha. Lakini watu wa hapa wamekimbia vita mara nyingi. Kabla ya kuandika, mfikirie atakayesoma. Na ukikosea, sema mapema, hata kama unaogopa. Ungesubiri kidogo tu, yule mtoto angelala njiani na homa yake."