Nyoka wa Vojta

Haya yalimpata rafiki yangu Milena, ninayeishi naye jengo moja hapa mjini Brno. Mwanawe Vojta alifariki vuli, siku chache kabla ya kuletewa nyoka wa kufuga, ambaye mtoto alikuwa amemwomba baba yake mwaka mzima amnunulie. Wazazi walimpokea nyoka huyo hivyo hivyo. Wakamtenga chumbani kwa marehemu, asije akamwambukiza maradhi nyoka wao mzee wa sebuleni.

Jioni moja ya theluji, umeme ukiwa umekatika tangu asubuhi, Milena alichukua tochi ampelekee nyoka mgeni maji.

"Ukimaliza nawa mikono, mke wangu," mumewe Otakar alisema. "Na usimsemeshe sana, atadeka."

"Kwani mle ndani nina nani mwingine wa kumsemesha?"



Alipofika mlangoni, Milena alisikia kitanda cha Vojta kikilia, kama mtu anayejigeuza. Akaingia. Kitandani hapakuwa na mtu. Sanduku la kioo la nyoka, linalopashwa joto kwa umeme, lilikuwa limefungwa, baridi kama barafu. Nyoka hana joto lake mwenyewe, hupoa pamoja na mahali alipo, kwa hiyo Milena alihofia amekufa. Akamwinua kwa mikono miwili.

Alikuwa na joto, kama aliyetolewa sasa hivi kifuani mwa mtu.