Sauti Iliyofumua Sweta

Kila akitoka shule, Chiriku hutupa mkoba kitandani, hunywa maji akiwa amesimama, kisha huyo, mbio uwanjani kuruka kamba. Jina hilo alipewa na bibi yake kwa sababu ya domo lake lisilo na breki. Siku hiyo aliingia akiimba kazi waliyopewa darasani: watunge sentensi kwa neno "fuma" na maumbo yake. "Fuma, fumwa, fumia, fumua!" aliimba, bila hata kuwaza anasema nini.

"Chiriku, njoo nikutume," bibi alimwita. Mapajani alikuwa na sweta la kitoto. Mdogo wake Chiriku alizaliwa kabla ya siku zake, akawekwa kwenye chumba cha joto hospitalini. Kesho angerudi nyumbani na mama, na daktari alisisitiza asiguswe na baridi. "Vidole vimenigomea," bibi alisema. "Mpelekee shangazi yako, mwambie afume mkono wa kushoto. Umebaki kidogo tu."

Shangazi alikaa mlango wa pili. Chiriku alifika akihema, akili yote iko uwanjani. "Shikamoo shangazi, bibi anasema ufumue mkono wa kushoto!"

"Marahaba. Nifumue? Mbona umekaa vizuri?"

"Ndiyo, fumua! Mimi huyoo!"

Aliporudi kutoka kucheza, alipita kwa shangazi, akamkuta anavuta uzi. Chiriku akaganda mlangoni. Mstari mmoja ulikimbia, mwingine ukafuata, trrr, na mkono aliouhangaikia bibi ukawa unapotea hivi hivi. Hakuna mkasi uliopita pale. Ni "u" tu! Sauti ndogo, imetoka kinywani mwake mwenyewe, na kazi yote imerudi kuwa uzi.

"Bibi alisema ufume," alisema huku machozi yakimlengalenga. "Kufumua nimesema mimi. Sasa mtoto atavaa nini?"

"Mungu wangu!" Shangazi alishika kichwa, kisha akachukua sindano. "Haya, kulia hakufumi. Kaa hapa unishikie uzi. Leo kamba basi."

Chiriku akaviringisha uzi, macho hayabanduki kwenye sindano. Baadaye akaanza kusema, polepole safari hii. "Shangazi anafuma." Kweli, sindano zilikuwa zikigongana. "Mkono unafumwa." Ulikuwa ukirefuka mbele yake. "Shangazi anamfumia mtoto." Hapo akaacha kuviringisha. Lo! Ile "i" imemwingiza mtoto ndani ya neno, mtoto ambaye yeye hata hajamwona! Kumbe vile visauti alivyokuwa akiviimba ovyo, kila kimoja kina kazi yake.

Kesho yake mama aliingia na mtoto kifuani. Bibi alipapasa sweta, akakunja uso. "Mkono huu si kazi yangu." Chiriku akasimulia yote, hakuficha kitu. Bibi alicheka mpaka akakohoa, kisha akamvuta karibu.

"Mjukuu wangu, ukitumwa, sikiliza neno mpaka mwisho, na ulifikishe kama ulivyopewa. Ukiligeuza kidogo tu, unaweza kuharibu jasho la mwenzio. Na ukikosea, sema mapema, kama ulivyofanya."

Mtoto alivishwa sweta, likamwenea vizuri. Chiriku akainama, akakishika kile kimkono cha kushoto, akasema bila haraka yoyote.

"Umefumiwa, mdogo wangu. Umefumiwa."